Tarehe 8 Septemba: Wanamuziki Tuliozaliwa Nao Siku Moja



Kamati ya Yubile ilituomba tuandike historia ya kwaya yetu katika kijitabu hiki. Tulianza pale ambapo ofisi ya katibu huanzia, yaani kwenye daftari la kwanza la mahudhurio. Ni daftari la kurasa 96, la kawaida la shule, na jalada lake limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi. Juu ya ukurasa wa kwanza imeandikwa 8 Septemba, Sikukuu ya Kuzaliwa Bikira Maria. Chini yake kuna majina 14. Baadhi ni jina moja tu, na mengine ni Mama Fulani au Baba Fulani, kama walivyoitwa katika jumuiya ndogo ndogo. Hakuna hata mmoja aliyeandikiwa siku yake ya kuzaliwa.

Tukajiuliza: siku hiyo ambayo kwaya yetu ilizaliwa, ni wanamuziki gani wengine waliozaliwa? Tulipotafuta, tuligundua kwamba tuna wenzetu wenye majina makubwa. Tumechagua wanne. Mmoja wao aliimbwa na wasichana wa hapa kwetu Bonde la Ufa kabla ya Uhuru, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika Kenya. Tutawaeleza mmoja mmoja, kisha tutarudi kwenye daftari letu, kwa sababu lina deni.

Mpiga ogani aliyezika watoto watatu

Mkubwa wao ni Antonín Dvořák, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1841 katika kijiji cha Nelahozeves, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Aliishi hadi mwaka 1904, kwa hiyo karne ya ishirini aliionja kidogo tu, lakini watatu wanaofuata ni kama wajukuu zake. Baba yake alikuwa mchinjaji na mwenye nyumba ya wageni. Kijana huyo alisomea ogani, na kuanzia mwaka 1874 alikuwa mpiga ogani wa kanisa mjini Prague kwa mshahara mdogo.

Mwaka 1875 yeye na mkewe walimzika mtoto mchanga. Mwaka uliofuata akaanza kuutungia muziki utenzi wa kale wa Kilatini, Stabat Mater, unaomhusu Mama Maria akiwa amesimama chini ya Msalaba. Akauweka kando kwa sababu ya kazi nyingine. Agosti 1877 wakampoteza binti yao mdogo. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Septemba, siku ambayo baba alitimiza miaka 36, mwana wao Otakar, mtoto wa miaka mitatu, akafariki kwa ndui. Nyumba ikabaki bila mtoto hata mmoja. Dvořák aliuchukua ule utenzi alioukuwa ameuacha, na kufikia Novemba mwaka huo alikuwa ameumaliza. Baadaye Mungu aliwajalia watoto wengine sita.

Mwaka 1892 alikwenda New York kuongoza chuo cha muziki. Huko mwanafunzi Mwafrika-Mmarekani aitwaye Harry Burleigh alimwimbia nyimbo za kiroho za watu waliokuwa watumwa. Dvořák akatangaza wazi kwamba Wamarekani wasitafute muziki wao Ulaya, bali wausikilize ule ulio mdomoni mwa watu wao. Wanakwaya waliowahi kuambiwa kwamba nyimbo za lugha za nyumbani hazifai kuingia Misa watalielewa neno hilo.

Mtu wa reli

Mji wetu wa Nakuru ni mtoto wa reli. Reli ilifika hapa mwaka 1900, na wengi wetu tuna babu aliyefika hapa kwa sababu yake. Kwa hiyo Jimmie Rodgers hatakuwa mgeni kwetu. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 huko kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na baba yake alikuwa msimamizi wa mafundi wa reli. Jimmie naye akaingia kazi hiyohiyo, akifunga breki za mabehewa. Alijifunza kupiga gitaa na kuimba akiwa pamoja na wafanyakazi wa reli, wengi wao wakiwa watu weusi.

Mwaka 1924 madaktari walimwambia ana kifua kikuu. Wakati huo haukuwa na dawa kama za leo. Kazi nzito ya reli ikamshinda, akabaki na gitaa. Tarehe 4 Agosti 1927, katika mji wa Bristol, Tennessee, alirekodi nyimbo zake za kwanza. Alikuwa na mtindo wa kurusha sauti ghafla kutoka chini hadi juu na kuirudisha, kama wachungaji wa milima ya Ulaya wanavyoitana. Santuri zake ziliuzwa kwa maelfu na maelfu. Kwa muda usiotimia miaka sita alirekodi nyimbo zaidi ya 100, na mwaka 1930 alirekodi mmoja pamoja na mpiga tarumbeta mweusi mashuhuri, Louis Armstrong, wakati ambapo jambo hilo halikuwa la kawaida nchini mwao.

Mei 1933 alikwenda New York kurekodi kwa mara ya mwisho. Alikuwa dhaifu hata ikabidi awekewe kitanda studioni, aimbe wimbo mmoja, alale, kisha ainuke aimbe mwingine. Alifariki tarehe 26 mwezi huo, akiwa na miaka 35. Leo anaitwa baba wa muziki wa kantri, ule ambao wengi wetu tulikua tukiusikia redioni na ambao baadhi ya wazee wetu bado wanaupenda kuliko wanavyokiri mbele ya Padre.

Chemirocha

Santuri hupita mipaka ambayo mwimbaji hawezi kuipita. Gramafoni zilizoletwa na Wazungu zilifikisha sauti ya Jimmie Rodgers hadi nchi ya Wakipsigis. Ukitoka hapa Nakuru, upite Salgaa na Mau Summit, ushuke Kericho mpaka Litein, Kapkatet iko mbele kidogo. Huko vijana walisikia mtu asiyeonekana akiimba kutoka kwenye sanduku. Jina lake likageuzwa na ulimi wa Kikipsigis likawa Chemirocha, likasikika kama jina la nyumbani, sawa na Chebet au Chemutai.

Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika huko na mitambo yake. Aliwakuta Wakipsigis wakiwa na nyimbo zao wenyewe kumhusu Chemirocha, zikiongozwa na ala yao ya nyuzi inayofanana na kinubi. Wimbo uliopendwa zaidi uliimbwa na wasichana. Tracey alielezwa kwamba Chemirocha alikuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa, na kwamba wasichana walikuwa wakimwalika aje acheze nao. Jimmie Rodgers alikuwa amefariki miaka 17 kabla ya siku hiyo. Kumbe alikuwa ameendelea kuishi Bonde la Ufa kwa jina jingine na miguu mingine.

Sauti zile zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika ambayo Tracey aliianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis, na wazee waliokuwapo walizisikiliza tena.

Sasa tuangalie jinsi walivyoandikwa. Kwenye rekodi ya wasichana kuna jina la aliyeongoza, Chemutoi Ketienya. Wengine wote wameandikwa tu “wasichana wa Kikipsigis”. Siku ya kuzaliwa ya Jimmie Rodgers dunia nzima inaijua. Wasichana waliompokea na kumpa jina jipya, wenye sauti ambazo bado zinasikika wazi hadi leo, wengi wao hawana hata jina katika kumbukumbu hiyo. Tulipofika hapo katika kusoma kwetu tulinyamaza, tukalitazama tena daftari letu lenye Mama Fulani na Baba Fulani.

Binti wa kwaya

Wa tatu ni Patsy Cline, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1932 mjini Winchester, Virginia. Alianza kama wengi wenu mlioanza, akiimba kwaya ya kanisa pamoja na mama yake. Akiwa na miaka 13 aliugua vibaya, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba alipopona alirudi na sauti nzito zaidi. Baba yake alipoiacha familia, alitoka shule akafanya kazi dukani ili kumsaidia mama. Hakuwa amejifunza kusoma nota.

Mwaka 1957 alijulikana nchi nzima baada ya kuimba katika shindano la televisheni. Mwezi Juni 1961 gari alilokuwamo liligongana na jingine uso kwa uso, naye akaponea chupuchupu. Agosti aliingia studio akitembelea magongo. Mbavu zilikuwa zinamuuma, sauti za juu zikakataa. Wanamuziki wakarekodi sehemu zao, yeye akarudi nyumbani kupumzika, na wiki chache baadaye akaja kuumaliza wimbo huo, “Crazy”, ambao hadi leo ni kati ya nyimbo zake zinazopendwa zaidi. Wasoprano wetu wanaoona aibu kumwambia mwalimu kwamba leo koo halipandi, someni hapo.

Alifariki tarehe 5 Machi 1963 katika ajali ya ndege ndogo, akiwa na miaka 30. Alikuwa akitoka Kansas City, alikokwenda kuimba ili familia ya mtangazaji wa redio aliyefariki ichangiwe fedha. Mwaka 1973 alikuwa mwanamke wa kwanza aliyeimba peke yake kuingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa kantri.

Mwalimu

Wa nne ni Peter Maxwell Davies, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1934 huko Salford, Uingereza. Alikuwa mtunzi mkubwa, na kuanzia mwaka 2004 alishika kwa miaka kumi cheo cha msimamizi wa muziki wa Malkia Elizabeth. Lakini sisi tulimpenda kwa kazi ya ujana wake. Kuanzia 1959 hadi 1962 alifundisha muziki katika shule ya sekondari ya Cirencester. Alikataa kuwapa wanafunzi muziki mwepesi kwa kisingizio kwamba ni watoto. Aliwatungia nyimbo ngumu za Noeli, nao wakaziimba. Baadaye alihamia visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland, na huko pia aliendelea kuwatungia watoto wa shule. Alifariki mwaka 2016. Walimu walio kati yetu, na wazazi wenye watoto katika kwaya ya Utoto Mtakatifu, tusiwapunguzie watoto muziki. Wanaweza.

Deni la daftari

Tulisema tutarudi kwenye daftari. Kati ya wale 14 wa ukurasa wa kwanza, watano wametangulia mbele ya haki. Wa mwisho kuondoka alikuwa mzee wetu wa besi, ambaye kila mwanakwaya wa zamani anamkumbuka kwa jinsi alivyosimama nyuma kabisa na bado akasikika mbele. Siku ya kuandaa wasifu wake tulikwama. Kitambulisho chake kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa tu, bila siku wala mwezi. Mjukuu wake akatuomba rekodi ya sauti ya babu. Tulikuwa na kaseti moja ya miaka ya mwanzo. Tulipoicheza, tulikuta kwamba mmoja wetu aliirekodia mkutano wa kamati juu yake. Mzee aliimba nasi miaka mingi, na hatukuweza kumpa mtoto huyo hata dakika moja.

Hatulaumu mtu mwingine. Kuandika ni kazi ya katibu na kutunza ni kazi ya kwaya, na kazi hizo mbili hatukuzifanya vizuri.

Kwa hiyo zawadi ya Yubile hii si sare mpya peke yake. Baada ya Misa ya leo mtaona meza karibu na mlango mkuu, na juu yake kitabu kipya chenye jalada gumu. Kila aliyewahi kuimba katika kwaya hii, hata kwa mwezi mmoja, tafadhali aandike jina lake kamili, sauti aliyoimba, mwaka aliojiunga na siku aliyozaliwa. Akina mama, andikeni majina yenu wenyewe pamoja na ya watoto wenu. Familia za marehemu, waandikeni wapendwa wenu. Asiyejua siku yake ya kuzaliwa aandike tarehe 8 Septemba. Ni siku ya Mama Maria, na ni siku ya kwaya hii. Ana haki nayo.

Vilevile, Jumamosi mbili zijazo baada ya mazoezi tutarekodi nyimbo zote zilizotungwa na wanakwaya wetu, tukianza na wazee waliobaki kati ya wale 14. Tutaweka nakala katika ofisi ya parokia na nyingine kwa kila familia. Kabla ya kila wimbo, kila mwimbaji atataja jina lake.