Mikono ya Daktari Ilijifunzia kwa Nani?

Nilipoanza kusoma historia ya tiba nilitarajia mashine na tarehe. Kumbe swali zito ni hili: daktari wa vichanga mahututi alijifunza kwa mwili wa nani? Huko Marekani, kupitisha mpira kooni kulifanyiwa mazoezi kwa paka wachanga waliotiwa usingizi, na mara nyingine kwa maiti za vichanga, bila wazazi kuulizwa. Hapo nilifunga kitabu. Dada yangu, kwetu Mbarara, alimzika wake akiwa na siku mbili.

Mwaka 1987 ilianza programu ya kitaifa ya kuwafufua vichanga, na sanamu zikazidi kutumika. Louis Halamek wa Stanford akaona sanamu peke yake haitoshi. Akaunda chumba cha kuigiza uzazi, chenye haraka na vurugu zake.

Mwaka 2015 miongozo iliacha kumpitishia mpira kila kichanga mlegevu aliyezaliwa katika maji yenye kinyesi. Nafuu kwa watoto, lakini madaktari wanafunzi wakapungukiwa nafasi ya kujaribu. Sanamu ikabeba mzigo zaidi. Ila kwa mrija wa kitovuni, hadi leo wengi hujifunzia kipande cha kitovu halisi, kilichobaki baada ya mama kujifungua.