Siku Uhuru Iliporushwa Ngomeni

Kuna jozi ya nyota ambayo wanaastronomia huiita 4U 1820-30. Zimekaribiana mno hata kuzungukana kwake huchukua dakika 11 tu; ukiinjika chai jikoni, zitakuwa zimemaliza mzunguko kabla haijachemka. Tarakimu za mwisho hueleza mahali zilipo angani. Ile 4 ni toleo la nne la orodha. Na U je? U ni Uhuru, setilaiti iliyotoa orodha hiyo. Mtafiti wa Tokyo au Munich anapoliandika jina hilo anaandika Kiswahili, ajue asijue, na Kiswahili hicho kilipanda angani kikitokea Ngomeni, kaskazini ya Malindi.

Wengi wakisikia habari hii huuliza: kwa nini pwani yetu? Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na aliyesimama kwenye ikweta hubebwa nayo kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, bila kuhisi lolote. Roketi ikirushwa kutoka hapo kuelekea mashariki huanza safari ikiwa na mwendo huo wa bure, kwa hiyo fueli ile ile hubeba mzigo mzito zaidi. Ngomeni iko karibu digrii 3 tu kusini ya ikweta, na mbele yake ni Bahari ya Hindi tupu. Mambo yakiharibika, vyuma huangukia majini, si juu ya mapaa ya watu.

Aliyeliona hilo ni Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, ambaye pia alikuwa afisa wa jeshi la anga la Italia. Waitalia walikubaliana na Wamarekani: Marekani itoe roketi aina ya Scout, Italia itafute mahali na watu wa kuzirusha. Broglio hakujenga ufukweni. Alisimamisha majukwaa baharini, juu ya miguu ya chuma iliyozamishwa mchangani: Santa Rita, lililokuwa la kuchimbia mafuta, na San Marco, ambako roketi zingeruka. Tarehe 26 Aprili 1967, setilaiti ya Kiitalia, San Marco 2, ilirushwa kutoka hapo ikafika kwenye njia yake.

Lakini setilaiti iliyoleta jina lile ni ya 12 Desemba 1970. Kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-1, jina lisilo na ladha. Msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, alitambua kwamba siku ya kurusha ilikuwa sikukuu ya Kenya, miaka 7 kamili tangu bendera ya Mwingereza ishushwe. Akaiita Uhuru, kuwashukuru wenyeji. Ilikuwa na kilo 140 hivi. Haifiki hata magunia mawili ya mahindi.

Kazi yake ilikuwa kutazama eksirei, ile ile ya hospitali, ila hii inatoka kwenye nyota. Hewa inayoifunika dunia huizuia isitufikie, na afadhali, kwa maana ingetudhuru. Kwa hiyo anayetaka kuiona sharti apande juu ya hewa. Mwaka 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, kilirusha roketi iliyochungulia kwa dakika chache tu, ikaona chanzo kikali katika kundinyota la Scorpius. Uhuru ilipata zaidi ya miaka miwili. Ilijizungusha taratibu, mara moja kila dakika 12, ikipekua anga kipande kwa kipande, hadi Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339.

Kimoja kati ya hivyo kilikuwa kikijulikana tayari: Cygnus X-1. Uhuru ikagundua kwamba mwanga wake wa eksirei hutikisika ndani ya muda usiofika sekunde moja. Hapo ndipo penye utamu. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwanga huchukua kukivuka. Kikipepesa upesi hivyo, basi ni kidogo sana. Wanaastronomia wa Uingereza na Kanada wakaelekeza darubini zao huko, wakakuta nyota kubwa ya buluu inayokizunguka kila siku 5.6 kitu kizito kisichoonekana. Shimo jeusi, ambalo hata mwanga hauwezi kulitoroka. Mwanafizikia Stephen Hawking alimwekea dau mwenzake Kip Thorne mwaka 1974 kwamba si shimo jeusi, na mwaka 1990 akakubali kushindwa. Zawadi ya dau hilo tuiache, gazeti hili husomwa na watoto.

Je, litatumeza? Hapana. Liko umbali wa miaka ya nuru 7,000 na zaidi, na tena mashimo meusi hayafyonzi kila kitu kama watu wanavyodhani. Leo mahali pa jua letu pangechukuliwa na shimo jeusi la uzito ule ule, dunia ingeendelea na mzunguko wake kama kawaida. Tungekufa kwa giza na baridi, si kwa kumezwa.

Giacconi alipewa Nobeli mwaka 2002. Ngomeni ilirusha setilaiti 9 kwa jumla, ya mwisho mwaka 1988. Waitalia bado wapo, na kituo cha nchi kavu, ambacho sasa kina jina la Broglio, kinaendelea kupokea mawimbi ya setilaiti. Wakenya kwa miaka mingi waliuliza wanafaidika nini na mkataba wa Kenya na Italia uliorithiwa tangu enzi hizo, hadi mwingine ukatiwa saini mwaka 2016. Kwa maoni yangu, walichelewa kuanza kuuliza.

Tangu hapo Kenya imepata vyombo vyake vya angani. Kidogo kilichobuniwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kiliachiwa mwaka 2018 kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Kisha ikaja Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023. Hiyo ilipelekwa hadi California kurushwa, huku miguu ya San Marco ikiwa bado imesimama majini, karibu na ngalawa za wavuvi wa Ngomeni.