Mabeseni Matatu na Taa Nyekundu

Kipande, kitambulisho cha vibarua Waafrika katika Kenya ya kikoloni, hakikuwa na picha. Tangu mwaka 1920 hivi, mwanamume aliyetoka Bungoma kutafuta kibarua kwenye mashamba ya walowezi wa Kitale alikivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, kikiwa na alama za vidole vyake. Sheria ya 1947 ilipotaka watu wa rangi zote waandikishwe, walowezi waliwaka. Vidole vyao vitiwe wino kama vya vibarua? Mwaka 1950 tume ya Sir Bertrand Glancy ikawafungulia mlango: aliyesoma alete picha na sahihi. Picha ikawa cheo kabla haijawa haja.

Wanawake waliingizwa kwenye vitambulisho 1978, na haja ya picha ikaongezeka. Wakati huo filamu ya rangi ilikuwepo tayari, lakini kuisafisha kulitaka dawa yenye joto la nyuzi 38, na kosa dogo tu huharibu rangi. Hiyo ni kazi ya mashine. Nyeusi na nyeupe hutosheka na nyuzi 20 hivi, na Kitale, mji ulio mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, joto hilo halina shida. Mabeseni matatu, taa nyekundu ambayo karatasi haiioni, kamba ya kuanikia: chumba cha giza kimekamilika.

Ufundi ulikuwa kwenye uso. Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe huidanganya kamera. Ukuta hung'aa, mtu akatoka kama mkaa. Fundi mjuzi aliupima mwanga usoni penyewe, akasogeza taa ubavuni ili paji na shavu vipate umbo. Wakati wa kuchapa aliukinga uso kwa kiganja sekunde chache usizidi weusi.

Mtihani mgumu zaidi uko Bungoma, Agosti ya miaka shufwa, kijana wa Kibukusu anapotoka mtoni alfajiri kwenda kutahiriwa, amepakwa tope mwili mzima. Mwanga haba, tope linaumeza. Kwa rangi, tope ni tope tu. Bila rangi, kila ufa unaonekana, na macho ndiyo yanayobaki kuwaka.

Kitambulisho cha kizazi cha pili, kilichoanza kutolewa 1995, nacho kilichapwa uso bila rangi. Hapo hapakuwa na fundi wa kusogeza taa, na Wakenya wengi hukitoa mfukoni wakiwa wameifunika picha kwa kidole gumba.