Njugu za Kongwa: ile akili ya "tushaanza, wacha tumalize"

Ile njugu ya bob ishirini unayouziwa kwenye jam, imefungwa kwa karatasi, iliwahi kumeza pauni milioni 36 za serikali ya Uingereza. Si utani. Na hizo ni pauni za mwaka 1951, kabla hujapiga hesabu ya vile bei zimepanda tangu hapo. Njugu zenyewe hazikuonekana.

Nimekuwa nikisoma kuhusu huo mradi na nimegundua kitu. Huwa tunaambiwa ni hadithi ya wazungu wajinga waliokuja Afrika wakachomwa na jua. Inachekesha, lakini hapana. Wale hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wenye digrii, ofisi na ripoti zilizopigwa taipu vizuri. Kilichowamaliza ni kitu ambacho wewe na mimi tunacho kichwani, kile kile kinachokufanya saa sita usiku useme, "wacha niweke mia mbili tena, nirudishe zangu."

Mambo yalianza hivi. Vita vya Pili vya Dunia viliisha 1945, lakini Waingereza hawakuamka kesho yake wakala vizuri. Chakula kilikuwa bado kinagawiwa kwa kipimo: nyama, sukari, mafuta ya kupikia, hadi sabuni. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, akapelekea serikali wazo. Kampuni yake ilikuwa chini ya Unilever, wale wa sabuni na majarini, kwa hivyo uhaba wa mafuta ulikuwa unawauma kwelikweli. Wazo lenyewe: Tanganyika iko na ardhi, tufyeke msitu kwa mashine, tupande njugu (karanga, kama wanavyoziita majirani zetu), tukamue mafuta.

Serikali ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, ambaye aliwahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Walizunguka wiki tisa. Sehemu nyingine waliitazama tu kutoka kwa ndege. Wakarudi na mpango wa ekari milioni 3.2. Ukitaka kuona ukubwa wa hiyo kitu, ni karibu kaunti ya Nairobi mara 18. Mashamba 107, kila moja ekari 30,000: 80 Tanganyika, 17 Zambia ya leo, na 10 hapa kwetu Kenya. Bajeti, pauni kama milioni 24 kwa miaka sita.

Hakuna shamba la majaribio lililofanywa kwanza. Eti muda hauko, watu wana njaa ya mafuta. (Najua tayari kuna mtu anawaza Galana Kulalu. Galana angalau walianza na shamba la mfano la ekari 10,000 kabla ya kugusa ile milioni iliyotangazwa.)

Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza hili kosa vizuri sana. Mtu akipanga kitu, anaangalia ndani ya mpango wake: nitafanya hiki, halafu kile, halafu nimalize. Haangalii nje, kwamba wengine waliojaribu kitu kama hiki iliwaendeaje. Ndio maana fundi anakuambia "Alhamisi" na anaamini kabisa, na wewe mwenyewe unaahidi kumaliza ile kazi wikendi hii. Si uongo. Ni kwamba kwenye picha ya kichwani stima haipotei, mvua hainyeshi na mtoto wa jirani haugui.

Sasa, Kongwa iko Ugogo, katikati ya Tanzania, upande wa Dodoma. "Nje" ya ule mpango ilikuwa rahisi kuiona. Kati ya 1917 na 1920 Wagogo walipigwa na njaa kali mpaka wakaipa jina lake, Mtunya. Majeshi ya Vita vya Kwanza yalikuwa yamepita yakichukua chakula na mifugo, halafu mvua ikakataa. Mtu wa miaka 40 pale Kongwa mwaka 1946 alikuwa ameiona akiwa mtoto. Yaani hukuhitaji wiki tisa. Ungekaa chini na shosho mmoja alasiri moja, umuulize mvua ya huku ikoje, ungeokoa mamilioni. Na tena sababu ya Wagogo kupenda ng'ombe haikuwa ushamba: ng'ombe ana miguu, mvua ikikosa hapa unamhamisha. Shamba la ekari 30,000 halihami.

Lakini wale jamaa walikuwa wametoka kumshinda Hitler. Ukishashinda vita vya dunia, msitu ni nini? Hata lugha yao ilikuwa ya kijeshi. Waliojitolea kwenda waliitwa jeshi la njugu. Mafanikio ya jana yanakufanya ujione mtaalamu wa mambo ya leo ambayo huyajui. Ukiwahi kuona msee aliyefaulu kuuza nguo mtandaoni akianza kutufunza siasa za dunia, unaelewa.

Kikosi cha kwanza kilifika Kongwa mapema 1947. Shabaha ya mwaka huo ilikuwa ekari 150,000, karibu Nairobi nzima. Msitu ukawapokea. Kuna mibuyu, na mbuyu hauanguki kwa kusukumwa mara moja. Kuna nyuki wanaoishi ndani ya mibuyu, na nyuki hawajali una trekta ya nani. Mizizi ya vichaka ilikuwa inavunja majembe. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya vita, mengine yametolewa hadi Ufilipino, na vipuri hakuna. Wakajaribu vifaru: kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman ikavigeuza matrekta. Wakajaribu kufunga mnyororo wa nanga ya meli katikati ya matingatinga mawili, yaendeshwe sambamba, mnyororo ung'oe kila kitu. Hiyo ya mnyororo, kusema ukweli, ilifanya kazi kiasi, na mimi hupenda sana picha yake: nanga bila bahari.

Halafu udongo. Ni wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha unanata, jua likiwaka unakuwa kama simiti. Njugu, kumbuka, huzaa chini ya ardhi. Lazima uzichimbue. Sasa chimbua simiti.

Mwaka 1947 ulipoisha walikuwa wamesafisha ekari 7,500. Asilimia 5 ya shabaha.

Hapa ndipo nataka ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo hadithi ingeisha. Mpaka hapo, kosa lilikuwa la kukadiria vibaya, na hilo hutokea kwa kila mtu. Pesa zilizokuwa zimetumika zilikuwa sehemu tu ya bajeti. Ardhi ilikuwa imeshajibu swali. Mtu mwenye akili timamu ambaye hakuwa kwenye mradi, ukimwonyesha hizo namba mbili, 150,000 na 7,500, angesema funga virago.

Wao wakaongeza. Mwaka 1948 serikali ikaunda shirika lake, Overseas Food Corporation, lichukue usukani kutoka kwa kampuni ya kina Samuel. Wakefield mwenyewe akawekwa kwenye bodi. Mashamba yakaendelea Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kusini ikajengwa bandari mpya, Mtwara, na reli ya kubeba njugu kutoka Nachingwea. Ona hapo: reli ya mzigo ambao haujamea. Waziri wa Chakula, John Strachey, akawa kila mara anasimama bungeni kuutetea mradi. Na kila alipoutetea, kuuacha kukawa kugumu zaidi, kwa sababu sasa haikuwa njugu tena, ilikuwa jina lake.

Mwaka 1976 mtafiti Barry Staw alifanya jaribio na wanafunzi 240 wa biashara Marekani ambalo kwangu linaeleza Kongwa kuliko ripoti yoyote. Jifanye wewe ni mkubwa wa kampuni. Una dola milioni 10, chagua idara moja kati ya mbili uipe. Baadaye wanakuletea matokeo: idara uliyochagua imefanya vibaya. Sasa una milioni 20 nyingine za kugawa. Utatoa ngapi kwa ile ile? Wanafunzi wengine waliambiwa kwamba chaguo la kwanza lilifanywa na mtu mwingine. Hao, idara ikianguka, waliipa kama milioni 9 kwa wastani. Lakini wale waliochagua wenyewe, wakaona chaguo lao limeanguka, waliipa milioni 13.

Rudia hiyo polepole. Idara ni ile ile na hasara ni ile ile. Tofauti ni nani aliyeanzisha. Aliyekosea ndiye aliyeongeza pesa nyingi zaidi, na zaidi hata kuliko angeongeza kama idara yake ingekuwa imefaulu. Kumbe hatuongezi kwa sababu tunaona dalili nzuri. Tunaongeza ili tusionekane tulikosea.

Na Kiswahili kimetuponza kidogo hapa, niseme tu. Tuna methali, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wazee wanaitumia kumpa moyo mtu aliyeogopa katikati ya kazi, na kwa hilo ni sawa. Lakini ichunguze. Kama umevua nguo halafu ukaona mamba, kwani utaoga? Nguo unavaa tena. Methali inahesabu kuvua nguo kama sababu ya kuingia, wakati kuvua nguo kumeshapita na hakukuambii chochote kuhusu maji.

Ndio maana steji unasimama dakika 50 ukingoja mat moja, kuna nyingine inapita na kushukisha mtaa wa pili, lakini "nishangoja sana." Ndio maana mtu yuko mwaka wa tatu wa kozi anayoichukia, na hesabu anayofanya ni ya karo iliyolipwa, si ya miaka 40 ya kazi iliyo mbele. Na kubeti ndio mbaya zaidi, kwa sababu pale kuna kampuni inayojua hii tabia yako kuliko unavyoijua. Aliyepoteza elfu tatu hachezi tena kwa sababu anaona mechi nzuri. Anacheza kwa sababu ya zile elfu tatu. Zimeshaenda lakini bado ndizo zinazomwamulia. Tunajua wasee walioenda hivyo mpaka karo ikaisha, mpaka mkopo wa simu, mpaka kitu cha mzazi kikauzwa.

Mtu ataniuliza, sasa uvumilivu je? Si kila kitu kizuri huanza kwa shida? Kweli. Ila mvumilivu ana sababu iliyo mbele yake. Mwulize anaendelea kwa nini, atakuambia kitu ambacho hakijatokea bado na kwa nini anadhani kitatokea. Yule aliyenaswa, ukimuuliza, atakutajia yaliyopita tu: nimetumia, nimekaa, nimeambia watu. Jibu la Strachey lilianza kufanana na hili la pili mapema sana.

Mradi ulizimwa Januari 1951. Serikali ikakubali kufuta pauni milioni 36 na zaidi kwenye vitabu vyake. Yale mashamba 10 ya Kenya hayakulimwa, bahati yetu. Reli ya Nachingwea iling'olewa miaka ya sitini. Bandari ya Mtwara iko hadi leo na inafanya kazi, mizigo mingine tu. Kuanzia 1964 Kongwa ikawa na kambi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, ANC wakiwemo.

Na zile ekari walizofyeka kwa vifaru na minyororo? Sehemu yake iligeuzwa malisho. Iko pale mpaka sasa, inaitwa Ranchi ya Kongwa, na kinachofugwa ni ng'ombe.