Uwekevu na Usawa: Historia ya Mali Katika Nyumba za Japani

Mwaka 1904, Japani ilipokuwa vitani na Urusi, mwandishi wa habari aliyeitwa Bibi Hani Motoko alitoa daftari la hesabu za nyumbani, lililopangwa ili mke aandike kila pato na kila tumizi, chakula mbali, mavazi mbali, akiba mbali, na mwezi ukiisha ajue fedha zimepita njia gani. Watu walikuwa wamekwisha zoea kuweka amana posta, kwani huduma hiyo, iliyofuata mfano wa Uingereza, ilianzishwa mwaka 1875 kwa juhudi za Maejima Hisoka, na dola iliipenda kwa kuwa senti za wanyonge, zikikusanywa, zilikuwa mtaji wa taifa.

Hata hivyo uwekevu haukuzaa usawa. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, karibu nusu ya ardhi ya kilimo ililimwa na watu wasioimiliki, ambao aghalabu walimtolea kabaila nusu ya mpunga wao, ilhali viwanda na mabenki makubwa yalikuwa mikononi mwa nyumba chache kama Mitsui na Sumitomo. Na mkulima wa namna hiyo, hata angaliandika hesabu zake kwa uangalifu wa kadhi, hangalipata cha kuweka.

Kilichopindua mizani hiyo kilikuwa ni maangamizi ya vita na sheria. Mwaka 1946 serikali ilizuia amana za watu na kubadili noti, mfumuko wa bei ukala thamani ya fedha, na kodi ya mali ikatozwa hadi asilimia 90 kwa matajiri wakubwa. Tena, chini ya utawala wa Wamarekani walioikalia nchi baada ya Japani kushindwa vitani, mashamba ya makabaila yalinunuliwa na serikali na kuuzwa kwa waliokuwa wakiyalima, hata kufikia mwaka 1950 yaliyobaki ya kukodi yalikuwa takriban sehemu moja ya kumi.

Juu ya msingi huo ndipo uwekevu ulipopata ujira wake. Waziri Mkuu Ikeda Hayato alitangaza mwaka 1960 azma ya kuongeza pato la taifa mara mbili kwa miaka kumi, na muda haukuisha kabla ya azma kutimia. Televisheni, mashine ya kufulia na jokofu zikaingia majumbani. Na katikati ya miaka ya 1970 familia ziliweka zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yao, huku watu tisa kwa kumi wakijihesabu kuwa wa tabaka la kati.

Kisha bei za ardhi na hisa zikapaa katika miaka ya 1980, mwenye kiwanja Tokyo akatajirika usingizini, na bei hizo zilipoporomoka waajiri wakapunguza ajira za kudumu. Mwaka 1998 mwanauchumi Tachibanaki Toshiaki alionya kwamba tofauti za mali zimekua; mwenzake Ohtake Fumio akajibu kuwa sehemu kubwa ya tofauti hizo yatokana na wingi wa wazee. Mjadala ukaendelea hadi mwaka 2009, serikali ilipotangaza kuwa asilimia 15.7 ya watu waliishi katika ufakiri, na kwamba katika nyumba zenye mzazi mmoja idadi hiyo ilipita nusu.

Wala wazazi hao si wavivu: katika akina mama wanaolea peke yao, zaidi ya asilimia 80 wana kazi. Bidii na uwekevu havikuwapungukia. Walichopungukiwa ni ujira wa kutosha, na hicho daftari halikigawi.