Mwaka wa Yubile na Deni la Mataifa



Mkipata nafasi, fungueni Mambo ya Walawi sura ya 25. Nilipokuwa chuo cha theolojia sura hiyo tuliipita upesi. Tuliandika katika daftari kwamba kila mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa, shamba lililouzwa likarudi kwa jamaa yake, na mtu aliyejiuza kwa sababu ya umaskini akaenda huru. Tukajibu swali la mtihani, yakaisha. Sikujua kwamba miaka michache tu kabla ya hapo sura hiyo hiyo ilikuwa imewatoa watu barabarani kwa maelfu.

Habari yenyewe inaanza mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafula. Nchi zenye mafuta zilipata fedha nyingi, zikaziweka katika benki za Ulaya na Marekani, nazo benki zikatafuta watu wa kukopesha. Nchi maskini zikakopa, maana riba ilikuwa ndogo. Fedha nyingine zilijenga barabara na mabwawa. Nyingine, tuseme kweli, ziliishia katika silaha na mifukoni mwa wakubwa. Kuanzia 1979 riba ikapanda sana huko Marekani, na bei za shaba, kahawa na mazao mengine zikashuka. Deni likazaa deni. Agosti 1982 Mexico ikatangaza kwamba haiwezi kulipa, na nchi nyingi za Afrika zilikuwa katika shimo lilo hilo. Zikaenda kwa Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, zikapewa mikopo mipya yenye masharti: serikali ipunguze matumizi, na mwananchi achangie shule na matibabu. Sisi Wakenya tuliliita jambo hilo kugawana gharama, na walionizidi umri wanaikumbuka vizuri ile ada ya hospitali iliyoanza Desemba 1989. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa hakuwa ametia sahihi mkopo wowote.

Basi wakatokea wazee wawili Uingereza. Mmoja, Martin Dent, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha Keele, na zamani alifanya kazi Nigeria wakati wa ukoloni. Mwingine, Bill Peters, alikuwa balozi mstaafu aliyewahi kuiwakilisha nchi yake Malawi. Waliisoma sheria ya yubile wakauliza swali jepesi: mwaka 2000 unakuja, kwa nini usiwe mwaka wa kufuta madeni yasiyolipika? (Msomaji makini atasema kwamba Walawi 25 inahusu zaidi ardhi na watumwa, na maachilio ya madeni yako Kumbukumbu la Torati 15. Ni kweli. Lakini aliyepoteza shamba lake kwa deni hajali sana limeandikwa sura gani.)

Tarehe 16 Mei 1998 viongozi wa mataifa manane yenye nguvu walikutana Birmingham. Watu wapatao 70,000, wengi wao wa makanisa, walishikana mikono wakauzunguka mji kama mnyororo. Siku ile viongozi walikuwa wamekwenda kupumzika nje ya mji, lakini waziri mkuu wa Uingereza, Tony Blair, alirudi akaonana nao. Miezi miwili baadaye maaskofu wetu wa Kianglikana kutoka duniani kote walikutana Canterbury katika Mkutano wa Lambeth. Askofu Mkuu wa Cape Town, Njongonkulu Ndungane, alikuwa mmoja wa waliolisema jambo hili bila kuficha. Rais wa Benki ya Dunia, James Wolfensohn, alialikwa. Akaonyeshwa filamu iliyoilaumu benki yake, naye akasimama akajibu kwa uchungu. Hata hivyo maaskofu walipitisha azimio la kutaka madeni yafutwe, na humo humo wakazitaka dayosisi zao wenyewe zitenge angalau asilimia 0.7 ya mapato yao ya mwaka kwa kazi ya maendeleo. Sehemu hiyo ya pili hatuisikii ikitajwa sana.

Je, ilifaa kitu? Ilifaa. Uganda ilisamehewa sehemu ya deni mwaka 1998, na fedha hizo ziliwekwa katika mfuko wa kupambana na umaskini, pamoja na shule za msingi. Fedha zilizotumwa shuleni zilitangazwa magazetini na kubandikwa kwenye ubao wa shule, mzazi azione. Tanzania iliondoa ada ya shule ya msingi mwaka 2001. Hadi sasa nchi 37 zimepata nafuu ya zaidi ya dola bilioni 100, ya mwisho kati yao ikiwa jirani zetu Somalia, Desemba 2023. Kenya haikuwamo, ilihesabiwa kuwa inaweza kulipa.

Lakini deni limerudi. Zambia, iliyosamehewa, ilishindwa kulipa tena Novemba 2020, na Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022. Wengine wanasema basi ile kazi ilikuwa bure. Mimi naona Mungu aliiweka yubile irudi kila miaka hamsini kwa sababu aliwajua wakopaji, na aliwajua wakopeshaji pia.

Nilihubiri hayo yote kanisani kwetu, nikifuatisha na Nehemia sura ya 5, ambapo watu wameweka rehani mashamba na watoto wao wapate nafaka na kodi ya mfalme. Nehemia anawakemea wakubwa, kisha anakiri kwamba yeye mwenyewe na ndugu zake wanakopesha vilevile. Baada ya ibada mama mmoja mjane alinisubiri mlangoni. Akasema, “Pasta, Wazungu umewasema vizuri. Na ng'ombe wangu?” Kumbe kikundi cha kukopeshana cha hapo hapo kanisani, ambacho mke wangu ni mwanachama, kilikuwa kimemchukua ng'ombe wake wa maziwa kwa mkopo wa ada ya shule, na riba ilikuwa imeupita mkopo wenyewe.

Sikuwa na jibu. Jumamosi hiyo tuliketi na mweka hazina tukafungua daftari. Majina yaliyokuwa katika hali kama yake yalikuwa kumi na moja. Wanachama wengine walisema tukimsamehe mmoja hakuna atakayelipa tena, na sikuweza kuwaambia kwamba hofu yao ni ya uongo. Tulibishana hadi jua likatua. Riba ilifutwa kwa wote kumi na mmoja, mkopo ukabaki. Ng'ombe alirudishwa Jumatatu, akiwa amekonda.