Nyumba ya Miti ya Alfriston na Msamiati wa Ujenzi

Tunapofundisha msamiati wa nyumba, mara nyingi tunaishia kwenye mlango, dirisha, ukuta na paa. Maneno yanayotaja mifupa ya nyumba, kama vile mwamba, mtambaapanya na kombamoyo, tunayaacha ndani ya kamusi. Katika makala haya tunaitazama nyumba moja ya kale ya Uingereza ambayo ni vigumu kuieleza kwa Kiswahili bila maneno ya aina hiyo.

Nyumba hiyo ni Alfriston Clergy House, yaani Nyumba ya Makasisi. Iko katika kijiji cha Alfriston, Sussex, kusini mwa Uingereza, karibu na mto Cuckmere. Ilijengwa katika karne ya 14. Jina lake lisitupotoshe: ingawa ilikuja kutumiwa na makasisi wa kanisa lililo jirani, muundo wake ni ule wa nyumba za wakulima wenye uwezo wa Kent na Sussex mwishoni mwa Zama za Kati.

Nyumba za aina hii zilisimama kwa kiunzi cha mwaloni. Uzito wa paa ulibebwa na nguzo na boriti, si kuta. Mafundi walichonga mti ungali mbichi, kwa sababu mwaloni ukikauka huwa mgumu mno. Ncha ya mti mmoja iliingizwa katika tundu la mwingine, kisha ikakazwa kwa kigingi cha mbao. Nafasi zilizobaki kati ya nguzo zilijazwa fito na kukandikwa udongo, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Tofauti iko chini: badala ya kuchimbiwa ardhini, nguzo zilisimama juu ya boriti iliyolazwa kwenye msingi wa mawe. Kwa njia hiyo unyevu wa ardhini haukuufikia mti kwa urahisi.

Ndani kulikuwa na sehemu tatu. Katikati palikuwa na ukumbi ulio wazi kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Moto uliwashwa katikati ya sakafu na moshi ukapanda kutafuta upenyo juu. Bomba la moshi ni jambo la baadaye. Pande mbili za ukumbi zilikuwa na ghorofa, na zote pamoja zilifunikwa na paa moja. Paa la Alfriston limeezekwa kwa nyasi, na sakafu ya ukumbi wake ni ya chaki iliyoshindiliwa na kusiribwa kwa maziwa yaliyochacha.

Kufikia miaka ya 1880 nyumba hii ilikuwa imechakaa na ilikusudiwa kubomolewa. Kasisi wa kijiji, F. W. Beynon, aliomba msaada kwa Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, kilichoanzishwa mwaka 1877 na William Morris na wenzake. Mwaka 1895 likaundwa shirika la National Trust, ambalo Octavia Hill alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mwaka 1896 shirika hilo liliinunua nyumba kwa paundi 10, nalo ndilo jengo la kwanza lililomilikiwa nalo.

Hata hivyo, kununua ni hatua moja tu. Nyumba ya miti na nyasi haihifadhiwi kwa hati. Inahitaji mikono inayojua kuchonga, kukandika na kuezeka. Hapa kwetu Uganda tulilishuhudia hilo baada ya makaburi ya Kasubi kuungua tarehe 16 Machi 2010: kulijenga upya jengo lake kuu kulitegemea ujuzi wa waezekaji wa jadi. Ujuzi huo nao husafiri ndani ya maneno. Fundi asiyekuwa na jina la mti unaobeba makombamoyo atamwonyesha mwanafunzi wake kwa kidole, na siku fundi akiondoka, kidole nacho kimeondoka.

Kwa hiyo tunawapendekezea walimu zoezi moja. Wanafunzi waende kwa mafundi na wazee, wachore nyumba ya miti, kisha waandike jina la kila sehemu kwa lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili. Wakirudi darasani, walinganishe orodha zao na kamusi. Pale kamusi itakapokuwa kimya, ndipo kazi yetu inapoanzia.